Nusu Kilo ya Mwani

Skuta, Nyeri
Tarehe 11 Januari 1976

Kwa binti yangu Murugi,

Pokea salamu za nyumba zote mbili. Sisi ni wazima, ila jua la mwezi huu limevikausha viazi vya kando ya mto. Mama yako, Kabura, hajambo. Ng'ombe wake amezaa ndama jike, naye ameniagiza nikuandikie habari hiyo kabla ya nyingine yoyote. Nimeiandika. Mama Mkubwa wako Magdaline anauliza kama huko Mombasa unapata viazi, au unalishwa wali kila siku.

Mfuko wa mwani ulioutuma Desemba ulifika salama. Pale posta walikuwa wameuweka dirishani kwa sababu ya harufu, na karani akaniuliza kama nimetumiwa samaki waliooza. Nikamweleza kwamba hayo ni majani ya baharini, kwamba ndani yake mna iodini, na kwamba udongo wetu wa mlimani hauna iodini ya kutosha. Ndiyo maana wanawake wetu wengi huvimba shingo wakapata rovu. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, mimi nilitaka sahihi yako tu."

Nimeusaga kama gazeti la misheni lilivyoelekeza, na Mama Mkubwa wako amepewa maagizo ya kutia kijiko kimoja cha chai katika uji wake kila siku. Kila Jumapili baada ya ibada naipima shingo yake kwa utepe wa fundi cherehani. Kabla ya Krismasi ilikuwa inchi kumi na tano na robo. Leo ni kumi na tano kamili. Yeye anasema utepe umevutika. Mimi nasema tuendelee kupima.

Nina maswali. Mwani hula nini, ikiwa hauna mizizi udongoni? Iodini huipata wapi? Je, ule wa kijani na ule wa kahawia una nguvu sawa?

Safari hii nitumie kilo nzima, tena upesi. Sababu ninayo, na haina haja ya kuandikwa. Ukijibu, andika Kiswahili kilichonyooka kama nilivyokufundisha darasani. Kigikuyu tutakizungumza ukija nyumbani.

Baba Mkubwa wako,
Gatimu

*

Mombasa
15 Februari 1976

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo, kama wasemavyo huku. Mimi ni mzima. Mwambie mama nimefurahi kwa ndama, na Mama Mkubwa umwambie kwamba viazi vipo, ila havina ladha ya vile vya kwetu. Joto la mwezi huu limetunyima usingizi.

Sasa maswali yako. Mwani hushika mwamba ili usichukuliwe na maji, lakini haunywi kwa mizizi. Hunywa kwa mwili wote, jani zima, usiku na mchana. Iodini imo katika maji ya bahari, haba mno hata huwezi kuionja, na mwani huikusanya kidogo kidogo mpaka iwe nyingi. Ule wa kahawia huikusanya kuliko wa kijani. Ndio niliokutumia.

Kilo nzima imo katika mfuko huu. Niliuokota mwenyewe Jumamosi wakati wa maji kupwa, nikaukausha juu ya paa. Kazi imekuwa nyingi tangu mwaka mpya, sikuweza kufanya zaidi ya hapo.

Jambo jipya ni kwamba maabara yetu imeletewa chombo kutoka ng'ambo, nasi tunakifungua sandukuni polepole kama mtu anayefungua mayai. Huchoma maji ya kitu katika mwali wa moto, kisha taa hupenya katika mwali huo. Kila madini yana taa yake. Taa ya shaba ikipungua mwanga, tunajua shaba imo. Tumepata ya shaba, ya zinki na ya risasi. Ya zebaki haijafika.

Kwa nini unauhitaji mwani upesi? Naona hukusema.

Mwanao,
Murugi

*

Skuta, Nyeri
Tarehe 7 Machi 1976

Kwa binti yangu Murugi,

Hatujambo. Mama yako anaumwa goti lakini bado anakwenda shambani kulionyesha goti kwamba halina mamlaka juu yake.

Mwani umefika, safari hii karani alinipa karatasi ya kutia sahihi kabla sijafungua kinywa. Nimeusaga wote na kuugawa panapostahili. Shingo ya Mama Mkubwa wako leo ilikuwa inchi kumi na nne na robo tatu. Nimezichora hesabu hizo kwa mstari kwenye karatasi ya miraba, na mstari unashuka. Nilimwonyesha. Akaniuliza, "Na huo mstari utachota maji?"

Hizo taa zako zimeninyima raha. Je, taa ya shaba haiwezi kudanganywa na zinki? Na ukichoma kitu kisicho na madini yoyote, taa husema nini? Ulipokuwa darasa la sita nilikufundisha kwamba kipimo kisichojaribiwa ni uvumi. Jaribu chombo hicho kwa kitu unachokijua kabla ya kukiamini.

Kuhusu swali lako, mengine si ya kutajwa kabla ya wakati wake.

Baba Mkubwa wako,
Gatimu

*

Mombasa
30 Machi 1976

Kwa Baba Mkubwa,

Natumaini goti la mama limepata nafuu na mvua imeanza vizuri. Mimi ni mzima. Nakuomba uisome barua hii siku hiyo hiyo utakayoipata.

Nilifanya ulivyoniambia. Nilitafuta kitu ninachokijua nikijaribie chombo, na nilikuwa na konzi moja ya mwani wa Desemba na konzi moja ya ule wa Februari, zote katika chupa. Nikawasha taa ya risasi, nikitazamia kwamba haitaona kitu. Kwa mwani wa Desemba ilikuwa karibu hivyo. Kwa mwani wa Februari sindano ya chombo ilikwenda mbali, nikadhani nimekosea. Nikasafisha vyombo, nikaanza upya. Mara nne. Mwani wa Februari una risasi mara arobaini kuliko ule wa Desemba.

Nasema madini ya risasi, yale mazito ya ndani ya betri za magari. Mtu akiyala kidogo kidogo hayatoki upesi. Hukaa katika damu na mifupa, na huharibu mishipa ya fahamu. Mtu mzima huweza kustahimili. Watoto huumia zaidi, na aliye tumboni huumia kuliko wote, kwa sababu risasi hupita kwa mama na kuingia katika ubongo wake unapojengwa.

Acheni kuula mwani huo. Usiutupe wala usiwape mbuzi. Nirudishie uliobaki, uniambie Mama Mkubwa amekula kiasi gani, na nani mwingine amekula.

Murugi

*

Skuta, Nyeri
Tarehe 12 Aprili 1976

Kwa binti yangu Murugi,

Sote tu wazima. Mvua ni nyingi na barabara imekuwa uji. Goti la mama yako limepona, au limekata tamaa.

Barua yako niliipata tarehe 5, na siku hiyo hiyo nilianza kuukusanya mwani. Umekwisha kukusanywa wote. Kuhusu hilo usiwe na shaka.

Sasa nikueleze jambo la ajabu. Nilimwendea Mama Mkubwa wako nikamwambia kwamba uji wake una risasi. Akaendelea kumenya ndizi. Nikarudia. Akasema, "Uji wangu hauna kitu." Nikamwuliza vijiko vile alivyokula tangu Krismasi ni vya nini. Murugi, mimi nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na minne. Hajawahi kula kijiko hata kimoja.

Alisema unga ule ulinuka kama ngozi mbichi. Lakini kwa kuwa nilikwisha kumwambia kwamba ni chumvi ya dawa, alifanya kama mama yake alivyofanya zamani kabla ya chumvi ya duka. Wakati ule walikata matete ya kinamasini, wakayachoma, wakatia majivu katika kibuyu chenye matundu, wakayamwagia maji, na maji yaliyochuruzika ndiyo waliyopikia. Ameuchoma mwani wako wote niliompa, mfuko wa kwanza na wa pili, kila mara mimi nikiwa kanisani kwenye kikao cha wazee. Maji yake ameyatia katika maharagwe, nami nimekuwa nikiyala na kuyasifu.

Kwa hiyo mstari wangu unaoshuka nilikuwa naupima bila kujua ninapima nini. Nilikasirika muda wa saa nzima. Kisha swali likaniingia, na hasira ikatoka: je, risasi huenda na maji, au hubaki katika majivu? Nakutumia unga uliobaki pamoja na chupa tatu. Ya kwanza ina maji yake ya chumvi. Ya pili ina majivu yaliyobaki kibuyuni. Ya tatu ni maji ya mto wetu, ili ukijaribu chombo chako uwe na kitu kisicho na hatia.

Nami nina swali moja. Mwani ule wa Februari uliuokota wapi?

Baba Mkubwa wako,
Gatimu

*

Mombasa
10 Mei 1976

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wasalimu wote, na Mama Mkubwa umpe mkono kwa niaba yangu. Nimecheka peke yangu mbele ya chombo mpaka mkuu wetu akachungulia mlangoni.

Haya ndiyo majibu. Maji ya mto: hakuna risasi. Maji ya chumvi ya Mama Mkubwa: kidogo sana, si zaidi ya yale ya mfereji wetu hapa. Majivu: risasi tele. Alipouchoma na kuuchuja, aliitenga risasi, akaiacha katika takataka. Iodini huyeyuka, kwa hiyo nadhani imekwenda na maji, ila siwezi kuipima, maana haina taa. Nimesoma kwamba zamani huko Ulaya nako waliuchoma mwani ili wapate iodini. Mwambie amewafikia bila kitabu. Majivu yachimbieni shimo mbali na shamba na mbali na mto.

Sasa nifanye hesabu uliyonifundisha. Nilituma nusu kilo Desemba na kilo moja Februari. Umenirudishia robo kilo ya unga wa Februari. Nilimwomba Mama Mkubwa, kupitia kwa mama, aniambie alichoma kiasi gani katika mfuko wa pili, akasema ulimpa nusu yake tu. Nusu nyingine ulikwenda nayo. Uliyoirudisha ni robo. Basi robo kilo ya unga imeliwa na mtu, bila kuchomwa, kijiko kwa kijiko.

Nilikuuliza nani mwingine amekula. Nakuuliza tena.

Mwanao,
Murugi

*

Skuta, Nyeri
Tarehe 22 Mei 1976

Kwa binti yangu Murugi,

Salamu zipo, na afya tunayo. Nimeianza barua hii mara tatu.

Aliyeula ni Wakonyo.

Unajua binti yangu huyu, dada yako, ameolewa Kerugoya. Novemba alipokuja kututembelea niliona shingo yake imeanza kuvimba kama ya mama yake. Ana mimba, na sikukuandikia kwa sababu kwetu mtoto hatajwi kabla hajalia. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba mama aliyekosa iodini huweza kuzaa mtoto mzito wa akili, au kiziwi. Ng'ambo ya bonde letu kuna nyumba yenye watoto wawili wa namna hiyo. Niliogopa. Ndiyo sababu ya haraka yangu. Nilikwenda mwenyewe Kerugoya na nusu kilo ya unga katika mkebe, nikamtilia kijiko cha kwanza kwa mkono wangu. Yeye si kama mama yake. Nilimwambia kijiko kimoja kila siku, akala kijiko kimoja kila siku, wiki sita.

Barua yako ilipofika nilipanda basi kesho yake, nikauchukua mkebe. Nilimwambia kwamba unga umeingia wadudu. Sikusema zaidi. Nimekaa na uongo huo tangu tarehe 6 Aprili, nami nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Juzi nilikwenda kumwambia. Alikuwa akipoza uji wa mume wake. Nilimsomea barua yako ya Machi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ile ya Mei pia. Hakulia. Akauliza, "Baba, wadudu hao ndio risasi?"

Nikasema ndio.

"Na ningekuuliza siku ile, ungeniambia?"

Akaweka mkono tumboni. Mtoto alikuwa akicheza, maana nguo ilitikisika. Kisha akaniuliza jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza, pamoja na maswali yangu yote. Alisema, "Mwamba huo Murugi alipotoa mwani una watu karibu. Watu wa pwani hula chaza na kaa. Mimi ulikuja ukaninyang'anya mkebe. Wao nani amewanyang'anya?"

Nakuuliza kwa niaba yake. Tena bado hujanijibu niliyokuuliza mwezi wa Aprili.

Baba Mkubwa wako,
Gatimu

*

Mombasa
20 Juni 1976

Kwa Baba Mkubwa, na kwa dada yangu Wakonyo, asomewe naye,

Nawasalimu wote. Nimechelewa kwa sababu nilitaka niandike jambo nililokwisha kulifanya, si ninalokusudia kulifanya.

Mwani wa Desemba niliutoa kusini, kwenye miamba ya mbali, safari ya nusu siku. Ule wa Februari niliutoa nyuma ya maabara, dakika kumi kwa miguu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na wewe ulitaka upesi. Karibu na hapo kuna karakana inayokwangua rangi ya zamani kwenye matumbo ya meli ndogo. Nilipoukausha niliona vipande vyekundu, vidogo kama pumba, vimeshika majani. Nikavipangusa. Niliviona, Baba Mkubwa. Nilidhani ni kutu, kumbe ni rangi yenye risasi. Sikujiuliza. Hilo ndilo sikutaka kuliandika.

Tangu Machi mkuu wetu anajua. Alisema tungoje taa ya zebaki ifike, tupime yote, tuandike ripoti moja iliyokamilika, watu wasije wakatiwa hofu bure. Nikakubali, kwa sababu ripoti iliyokamilika ingenipa muda wa kutoulizwa ni nani aliyeokota.

Swali la Wakonyo liliponifikia, nilipima chaza sita wa mwamba ule. Wote wana risasi. Jumanne maji yalipokupwa niliteremka. Wanawake saba walikuwa wakibandua chaza kwa vyuma, watoto wakiokota. Nikawaambia. Mmoja akasimama wima akanicheka: "Wewe wa bara! Juzi ukila mwani kama mbuzi, leo watufunza chaza?"

Nikamwambia kwamba mwani huo niliutuma kwetu, na kwamba dada yangu mwenye mimba ameula. Akaacha kucheka. Mwingine akauliza, "Sasa tule nini, mawe?" Nikawaonyesha ile miamba ya upande wa pili wa mlango wa bahari, ambayo nimeipima na ni safi, ila ni mwendo wa saa nzima na chuma begani. Wanne walikwenda. Watatu walibaki wakabandua. Nitateremka tena maji yakipwa.

Mkuu wetu amekasirika. Nimemwachia majibu mezani, na nakala yake nimeipeleka kwa mganga wa afya wa mji kwa mkono wangu, ikiwa na jina langu chini.

Wakonyo, chombo chetu hakiwezi kupima tone la damu. Nairobi wanaweza. Kunywa maziwa na kula vizuri. Chakula chenye chokaa, kama hayo maziwa, huizuia risasi kiasi fulani. Hayo ndiyo ninayoyajua. Kama mtoto amedhurika au hakudhurika, sijui, na sitaki kukudanganya kwamba najua.

Murugi

*

Skuta, Nyeri
Tarehe 18 Julai 1976

Kwa binti yangu Murugi,

Huku ni ukungu wa Julai. Mlima hatujauona kwa wiki mbili. Mama yako na Mama Mkubwa wako wako Kerugoya, na mimi najipikia vibaya.

Sasa linaweza kutajwa. Wakonyo amejifungua mtoto wa kike tarehe 9, saa nne asubuhi. Alilia mara moja, kwa sauti kubwa. Kwa kuwa ni msichana wake wa pili, amepewa jina la upande wetu, la Mama Mkubwa wako.

Daktari alimshika miguu, akamwangalia macho, akasema ni mzima kabisa. Nikamwuliza, "Umejuaje?" Akasema, "Mwalimu, si namwona?" Nikamweleza habari za chombo chako, kwamba risasi hailingani na homa, haionekani kwa kutazamwa. Akaandika barua ya kwenda Nairobi, nao watakwenda mtoto akitimiza miezi mitatu. Mimi nimenunua daftari jipya. Nitaandika siku atakayofuata mwanga kwa macho, siku atakayogeuka akisikia mlango, siku atakayokaa, na neno lake la kwanza. Safari hii nitaandika ninachokiona, na nisichokijua nitaacha nafasi tupu.

Nilimwuliza Wakonyo kama ana hasira nawe. Alisema anayo, na kwamba anayo na mimi pia, na kwamba ana kazi nyingi sasa hivi. Nilimwambia unataka kuacha kazi urudi nyumbani kumsaidia kulea, kama mama yako alivyotudokeza. Alikuwa akinyonyesha. Hakuinua uso. Akasema nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema, nisiyanyooshe:

"Mwambie kwamba mtoto tutamwangalia sisi. Yeye aangalie mwamba."

Baba Mkubwa wako,
Gatimu